Uliza Anti: Mapenzi ya jinsia moja kwa TV, kwa siasa na ndani ya nyumba zetu

Mwezi wa sita ukifika ile bendera ya rangi nyingi ya Pride, sherehe ya watu gei, inaanza kuonekana kwa simu zetu na barua nazo zinaanza kuingia hapa. Za mwaka huu nimesoma zote, zingine zina hasira, zingine zimeandikwa na mtu anayelia, na nimechagua hizi juu zinauliza vitu ambavyo watu wanaulizana pembeni tu. Majina nimetoa, mitaa nimeacha. Nitajibu vile naamini.

Anti, habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nakuru. Kijana wangu wa kwanza yuko form three, akiwa likizo anashinda kwa simu anaangalia series za Netflix. Juzi nimekaa karibu na yeye nikaona ni wavulana wawili wa shule wanapendana, na yeye anaangalia tu, hata hakushtuka vile niliona. Nilimnyang'anya simu. Babake anasema hizo vitu ndio zinafanya vijana wanakuwa mashoga, ati zamani haya maneno hayakuwa Kenya, yameletwa na TV na wazungu. Sasa mtoto haongei na sisi, anakula anaingia chumbani. Ni TV imemharibu? Nifanye nini?
*Mama, Section 58, Nakuru*

Mama, pole, mtoto akinyamaza ndani ya nyumba hata chakula hakiteremki. Wacha nikujibu bila kuzunguka: hapana, TV haimfanyi mtu kuwa gei. Hebu fikiria, kila mtu gei unayemsikia Kenya hii amelelewa akitazama mapenzi ya mume na mke peke yake, kwa KBC, kwa zile soap za Mexico tulikuwa tunakimbilia saa moja jioni, kwa harusi za kila Jumamosi, kwa mahubiri, kwa nyimbo za redio, na hakuna hata kimoja kilimbadilisha. Kama picha ingekuwa na hio nguvu wangekuwa wamekwisha kitambo. Na usifikiri ni ugonjwa wa kuambukizwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa Mei 1990, madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameshafanya hivo tangu 1973.

Hio ya zamani haikuwa Kenya, mwambie baba watoto kuna mtu wa hapo hapo kwenu. Binyavanga Wainaina, yule mwandishi aliyeshinda tuzo ya Caine ya hadithi za Waafrika mwaka wa 2002 na kuanzisha jarida la Kwani?, alizaliwa Nakuru Januari 1971 na akalelewa hapo. Januari 2014 akaandika waziwazi kwamba yeye ni gei na kwamba alijijua tangu akiwa na miaka mitano. Piga hesabu, hio ni 1976 hivi, wakati TV yote ya Kenya ilikuwa Voice of Kenya peke yake na nyumba nyingi hazikuwa na TV kabisa. Hakuna Netflix, hakuna simu, hakuna mzungu wa kumfundisha, mtoto mdogo wa Nakuru tu na moyo wake. Kitu kinaniuma mpaka leo nikikumbuka ile makala, aliiandika kama mtu anamwambia mamake maneno ambayo hakupata kumwambia akiwa hai, manake mama alikuwa amefariki 2000. Yeye mwenyewe alituacha Mei 2019. Mama, wewe uko hai na mtoto wako yuko hapo chumba cha pili.

Na pia usikimbie. Kuangalia series haimaanishi yeye ni gei, pengine anapenda hadithi tu, pengine ana rafiki shuleni anataka kumuelewa, pengine ni yeye, na hio ni yake kusema siku akiwa tayari, usimkalishe kama kesi ya chifu. Mrudishie simu. Mwambie ulishtuka, mwambie ungependa kuona hio hadithi inaenda wapi, kaa hata na kibakuli cha njugu muangalie pamoja, uliza huyu ni nani na yule anamkasirikia nini. Ukitaka kujua umri unaofaa wa kipindi angalia kile kinamba kinatokea mwanzo, hio ni haki yako kama mzazi, lakini iwe sheria moja kwa vipindi vyote, sio damu na bunduki sawa halafu wavulana wawili kushikana mikono ndio simu inachukuliwa.

Na siku akikuambia ni yeye, tafadhali usimpeleke popote kwa mtu wa kumchapa ama kumfukuzia pepo. Mwambie wewe ni mwanangu na chakula kiko mezani. Mengine mtajifunza pamoja polepole, na babake pia mpe muda, wanaume wetu wengi hukasirika kwanza halafu wanaogopa, na ukichunguza utapata woga ndio ulitangulia.

Anti, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na drama kwa shule ya wavulana huku Kakamega. Kila mwaka tukifanya komedi lazima kuwe na mvulana amevaa wigi na sketi, anakata kiuno, anaongea kama msichana, ukumbi wote unacheka na hapo ndio tunapata maki. Mwaka huu mwanafunzi mmoja alitoka nje katikati ya mazoezi na hakurudi. Baadaye nikasikia wenzake wanamwita jina la yule mhusika huko dom. Je, tumekosea? Si ni mchezo tu, na si hata TikTok na TV wanafanya hivo hivo?
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, asante kwa kumuona huyo kijana, wengi hawangemuona. Mvulana kuvaa sketi jukwaani si kosa, hata London ya Shakespeare wavulana ndio waliigiza wanawake wote, na shule yenu ni ya wavulana kwa hivo mtafanyaje. Mimi nauliza kitu kingine: huyo mhusika wenu anataka nini kwa mchezo? Ana mama? Ana shida, ana ndoto, ana sentensi hata moja ambayo haihusu kiuno chake? Kama hana, basi mmemleta jukwaani achekwe peke yake, na yule mtoto aliyetoka nje ameelewa vizuri kabisa mnasema nini juu ya watu kama yeye, ama watu wanaodhaniwa kama yeye, manake kwa dom hakuna anayeuliza ushahidi.

Na hapa nataka tuongee ukweli, kwa sababu hii ndio inaniwasha miaka yote. Angalia ni nini hupigwa marufuku Kenya na ni nini huachwa. Sijawahi kusikia komedi ya kumcheka mtu wa aina hii imefungiwa na Bodi ya Filamu, hata moja. Lakini Oktoba 2014 filamu ya Jim Chuchu na wenzake wa kundi la wasanii la Nest, Stories of Our Lives, iliyotengenezwa kutokana na maisha ya Wakenya wenyewe, ikakatazwa. 2016 ikawa ni ile remix ya Same Love, wimbo wa kutetea haya mapenzi, ya kundi la Art Attack. 2017 mpaka katuni za watoto kwa DSTV zikaguswa. Aprili 2018 ikawa Rafiki ya Wanuri Kahiu, na Septemba 2021 ikawa I Am Samuel ya Pete Murimi, ambayo ni maisha ya kijana wa kweli na wazazi wake wa kijijini na mpenzi wake, hakuna uchafu, ni mtu anahangaika na babake tu.

Rafiki ndio ilinifungua macho. Wasichana wawili wa Nairobi, baba zao wanashindania kiti kimoja cha siasa, wanapendana. Filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, yaani kitu cha kupigia vigelegele nchi nzima, na nyumbani ikafungiwa. Mwelekezi mwenyewe alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, wasichana waonyeshe majuto, manake vile ilivyo inaacha matumaini, na yeye akakataa. Kwa hivo kilichowasumbua ni wale wasichana kutoka wakiwa hai na wanatabasamu. Wangekufa pengine ingepita! Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu iweze kuombewa Oscar, na watu Nairobi wakajaza ukumbi wakipanga laini, na mwaka uliofuata Samantha Mugatsia akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule kwa tamasha la filamu la Fespaco, Ouagadougou.

Usifikiri ni Kenya peke yake. Hollywood kuanzia 1934 mpaka 1968 ilikuwa na kanuni zake ambazo kwa miaka mingi zilikataza kabisa kuonyesha haya mapenzi, na waandishi wa filamu wakapitia pembeni, mtu wa hivo akawa mchekeshaji mwenye mikono laini, ama mhalifu, ama mtu wa kujiua kabla ya filamu kuisha. Vito Russo alikusanya hio historia yote kwa kitabu mwaka wa 1981 na 1985 akawa kati ya walioanzisha GLAAD, shirika la kufuatilia vile vyombo vya habari vinawaonyesha watu hawa. Kwa hivo yule mvulana wa wigi kwenu Kakamega ana babu zake mbali sana, na si wa Kiafrika hata.

Na wewe mwalimu wa Kakamega unajua hii mambo ya kuogopa hadithi vizuri kuliko mimi. Butere Girls si ni jirani? 2013 mchezo wao Shackles of Doom ukatolewa mashindanoni mpaka korti ikaamua waigize, na Aprili 2025 wale wasichana wakafika Nakuru na Echoes of War, polisi wakarusha vitoa machozi, watoto wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Hio haikuwa kuhusu mapenzi, ilikuwa siasa, lakini woga ni ule ule, kuna wakubwa ambao hawataki watu fulani waonekane jukwaani wakiwa na akili na uchungu wao wenyewe.

Fanya hivi. Mwandike upya huyo mhusika, mpe kazi, mpe mama, mpe mzaha anaoufanya yeye badala ya kufanyiwa, na utaona watu bado watacheka na maki mtapata. Wale wanaomwita mwenzao majina uwaongeleshe wao bila kumtaja yeye, usimwite staffroom ati umuulize kama ni kweli, hapo utakuwa umemmaliza. Mpe tu nafasi ya kurudi mazoezini, hata kama ni ya kushika taa.

Anti niaje, kuna jamaa hapa kwa stage ya boda alisema yule mwimbaji wa bendi ya Queen, Freddie Mercury, ni mtu wa Zanzibar. Tukabishana mpaka kastoma akapanda pikipiki ingine. Ni ukweli?
*Manyatta, Kisumu*

Ni ukweli, umshinde huyo mwenzako soda. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi kutoka India, baba akifanya kazi ya serikali ya mkoloni. Familia ikakimbia 1964 wakati wa Mapinduzi ikaenda Uingereza. Ule wimbo unapigwa kila timu ikibeba kombe, We Are the Champions, aliutunga yeye. Alifariki London 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Na 2006 kulikuwa na mpango wa kusherehekea kuzaliwa kwake huko Zanzibar, ukafutwa baada ya kundi la Kiislamu la Uamsho kupinga, kwa sababu alipenda wanaume. Mtoto wa visiwani aliyeimbwa dunia nzima, nyumbani keki ikakosa kukatwa. Mimi naona ni aibu, na si yake.

Dada mpendwa, kwa matanga huku kwetu mheshimiwa mmoja alisimama akasema Mahakama ya Juu imehalalisha ndoa za mashoga na watoto wetu watafundishwa hayo shuleni. Watu wakapiga makofi sana. Mimi nina watoto wanne, nikarudi nyumbani bila usingizi. Ni kweli? Mimi si mtu wa chuki lakini nataka kujua.
*Baba wa wanne, Siaya*

Baba, lala. Sio kweli, na mheshimiwa kama amesoma hio hukumu anajua sio kweli.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka wa 2013 wakili Eric Gitari alianza kesi juu bodi ya kusajili mashirika ilikataa kuandikisha shirika lao la kutetea haki za watu hawa, NGLHRC. Akashinda Mahakama Kuu 2015, akashinda Rufaa 2019, na 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kukataa kuwasajili ni ubaguzi, kila Mkenya ana haki ya kujiunga na wenzake. Basi. Haikugusa ndoa, na Katiba yenyewe ibara ya 45 inaongea ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Haikugusa shule. Haikuondoa hata ile sheria ya jinai, kipengele cha 162 bado kina kifungo cha miaka 14, na cha 165 miaka mitano, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, akarudi Mahakama ya Juu kuomba ibadilishe uamuzi, wakamkatalia Septemba 2023. Ndio huyo huyo aliyeandika mswada wa kuongeza adhabu. Mswada ni karatasi mpaka bunge lipitishe na Rais atie sahihi.

Sasa mimi nikuulize wewe, hio sheria ya miaka 14 imetoka wapi? Si kwa babu zetu. Mwingereza aliiandikia India 1860 akaisambaza koloni zake nyingi na ikatufikia sisi na reli. Yeye mwenyewe huko England akaanza kuilegeza 1967, India ikaachana nayo 2018, Botswana pia imeshatoka huko, na hata Msumbiji na Angola zilizotawaliwa na Mreno zimeshafuta yao ya namna hio. Sisi ndio tumebaki tunailinda na kuiita mila ya Mwafrika. Hapo ndio nakasirika kabisa, kwa sababu wanaoambiwa wao ni wa kuletwa na wazungu ni watoto wetu waliozaliwa Yala na Bondo, na sheria iliyoletwa na wazungu inaitwa yetu.

Na uangalie saa. Julai 2015 Obama alipokuja na kuongea haki za watu hawa, Uhuru alisema mbele ya dunia kwamba kwa Wakenya hio si hoja. Sawa. Mwanzo wa 2023 unga hauguswi bei, watu wanaingia barabarani kwa sababu ya gharama ya maisha, na ghafla kila mkutano ni mashoga, mashoga. Mimi nimezeeka kidogo na nimeona siasa, mtu akikosa jibu la bei ya sukari anatafuta mtu wa kukuogopesha. Huko Uganda ilienda mpaka mwisho, Mei 2023 Museveni akatia sahihi sheria yenye kifungo cha maisha na hata kunyongwa kwa makosa fulani, na tangu hapo watu wamekuwa wakivuka Busia na Malaba na begi moja. Niambie kuna mzazi gani Uganda amepata karo nafuu kwa sababu ya hio sheria.

Anti, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Kisumu, sina chuki na mtu na hata nina classmate nadhani ni gei, hanisumbui. Lakini hii Pride mimi sielewi. Kwani lazima waandamane? Mimi napenda wasichana na sijawahi kuandamana. Wakae tu kwa nyumba zao.
*Mwanafunzi, Kisumu*

Ndugu yangu, wewe hujawahi kuandamana manake hakuna polisi amewahi kuingia mahali unakunywa soda na msichana wako akakutoa nje kwa sababu umemshika mkono. Pride ilianzia hapo hapo. Tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia Stonewall, baa ya watu gei huko New York, kama kawaida yao, na usiku huo watu wakakataa, wakapambana siku kadhaa. Mwaka uliofuata tarehe hio hio wakatembea mchana barabarani, sura wazi, wakati mtu angepoteza kazi na nyumba akionekana. Ile bendera ilikuja baadaye, Gilbert Baker aliishona na wenzake San Francisco 1978. Hizi logo za kampuni za siku hizi mimi hazinipi joto wala baridi, zinapakwa rangi Ulaya na ofisi zao za huku kwetu ziko vile vile.

Lakini wacha New York, njoo Afrika. Oktoba 1990 watu walitembea Johannesburg, mara ya kwanza bara hili, na wengine wao walivaa mifuko ya karatasi kichwani wametoboa matundu ya macho, wanataka kuwepo na wanaogopa kujulikana. Aliyekuwa mbele pamoja na Beverley Ditsie ni Simon Nkoli, kijana mweusi aliyefungwa pamoja na viongozi wa kupigania uhuru kwenye ile kesi ya uhaini ya Delmas. Ndani ya jela aliwaambia wenzake yeye ni gei, wengine wakakasirika, wakabishana sana, na mwisho wakaelewa kwamba huwezi kutaka uhuru wa nusu ya mtu. Watu wa namna hio ndio baadaye walikuwa kwenye meza za kuandika katiba, na katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ikawa kati ya za kwanza duniani kukataza ubaguzi wa aina hii kwa maandishi. Sasa niambie, wangekaa kwa nyumba zao ingeandikwa na nani?

Hata Kenya imetokea. Juni 2018 wakimbizi walitembea na bendera yao ndani ya kambi ya Kakuma, watu ambao hawana kitu, wamekimbia kwao, wako jangwani Turkana, na bado wakasema sisi hapa. Kisumu mimi sijaona maandamano yakipita Oginga Odinga Street na sidhani nitaona karibuni, wengi hukutana tu kwa kompaundi imefungwa geti, wanakula, wanacheza muziki, wanawasha mishumaa kwa walioenda.

Na hio ya wakae nyumbani, kumbuka Edwin Chiloba wa Eldoret, yule mwanamitindo gei. Hakuuawa kwa maandamano. Alipatikana Januari 2023 ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara, na aliyemuua, mtu waliyeishi naye, alifungwa miaka 50 Desemba 2024. Sitasema nini kilikuwa moyoni mwa muuaji. Nasema kuhusu sisi, vile habari ilizunguka kwa simu na watu wakaandika utani chini ya picha ya mtoto wa watu aliyekufa, wengine wakasema afadhali. Wewe una classmate. Kabla ya kumuuliza kwa nini waandamane, muulize alisoma hizo comment akiwa wapi, na alikuwa na nani.

Anti, shikamoo. Mimi nina miaka 22, niko Bungoma, napenda wasichana, wewe ndio mtu wa kwanza naambia. Kila filamu ninayopata mwisho mmoja anakufa ama anaolewa na mwanaume analia. Kwani hakuna hadithi yetu inaisha vizuri? Na mimi huandika. Naweza kuandika yangu ama nitajiletea shida?
*Binti, Bungoma*

Marahaba binti yangu, na asante kwa kuniambia, nimeisoma barua yako mara nyingi.

Ziko. Na hazijatoka mbali. Mwaka wa 2007 Monica Arac de Nyeko, mtu wa Uganda hapo ng'ambo ya Malaba, alishinda tuzo ya Caine kwa Jambula Tree, hadithi fupi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja wanaopendana na majirani wanaowachungulia. Hio hadithi ndio ikazaa Rafiki niliyomwambia mwalimu hapo juu. Kwa hivo imeandikwa na jirani yako, imepigwa picha na Mkenya mwenzako, wameigiza wasichana wa Nairobi, na inaisha na mlango umefunguliwa, ndio maana ikagombaniwa hivo. Ile hadithi tafuta usome, ni fupi, utaimaliza kwa siku moja.

Kuandika andika. Kuandika sio kosa kwa sheria za Kenya na hisia zako sio kosa pia, sheria inaongea vitendo. Lakini uwe mjanja. Usitumie majina ya kweli, lako wala la huyo unayempenda, usitaje shule wala kanisa, na usiiache kwa simu ambayo ndugu zako wanaifungua. Watu wa kwa app ambao hujawahi kuwaona usikutane nao kwa nyumba yao wala yako, kuna wahuni wanajifanya wapenzi halafu wanachukua picha na kudai pesa, na wanategemea kwamba utaogopa kupiga ripoti. Ikikutokea usilipe ukinyamaza, NGLHRC Nairobi wana mawakili wa kesi kama hizo. Na ukiwahi kushikwa na mtu akasema utapimwa mwili kwa lazima, kataa, Mahakama ya Rufaa Mombasa ilisema Machi 2018 hio ni kinyume cha katiba.

Kuwaambia wa nyumbani hakuna haraka, na hakuna deni. Subiri uwe na mahali pa kulala na kazi ya mkono wako kwanza.

Ukimaliza hadithi nitumie mimi. Kurasa tatu ama nne, bila jina, hata kama kizungu kimeingia ingia ndani hakuna shida tutasaidiana kusafisha, na mwisho wake usiubadilishe kwa sababu ya mtu yeyote, hata mimi nikikuambia.